Ndoo Si Kilo

Wasomi wenzangu wa kompyuta wana dharau moja ambayo sasa imenichosha. Waoneshe mfumo unaopokea mstari mmoja wa maandishi, neno, nafasi, neno, nafasi, namba, nao watatabasamu kama wamemwona mtu mzima kavaa kaptula ya shule. Wao wanataka kitu ndani ya kitu ndani ya kitu, kila sehemu iwe na aina yake na kila aina iwe na kanuni yake. Huo, wanasema, ndio utaalamu. Mimi naona mara nyingi ni kumtwisha mtu mwingine mzigo wako.

Chukua Ikola, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Asubuhi mitumbwi inarudi na dagaa na migebuka. Mtunza kumbukumbu wa mwalo ana daftari alilolichora mwenyewe kwa rula: tarehe, mtumbwi, aina ya samaki, ndoo, bei. Safu tano. Huo ni muundo wa data, tena mzuri. Unajazwa kwa mkono wenye maji, mwenzake akilipokea daftari anaelewa bila semina, na kosa likikatwa kwa mstari bado linaonekana.

Kisha ikaja programu ya simu janja. Sitasema ya nani. Nilikaa mwaloni siku kadhaa kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, nikitazama inavyotumika. Ina vipengele vya lazima zaidi ya thelathini. Inataka uzito kwa kilo, mahali pale ambapo dagaa huuzwa kwa ndoo. Haikubali ndoo, wala haikubali kuachwa wazi. Basi mtunza kumbukumbu, mbele yake wavuvi wanaotaka kuuza kabla jua halijapanda, anaandika 20. Ndoo inayofuata, 20. Nyingine, 20. Ofisini zinafika takwimu nadhifu, zilizofaulu kila ukaguzi wa mashine, na za kubuni.

Hili si jambo la kuchekea. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kwa familia ya mvuvi, miezi mitatu ni ada ya shule, ni deni la injini, ni unga. Siku ikibidi kuamua kama miezi hiyo iongezwe au ipunguzwe, lazima ijulikane kinachotoka majini. Ndoo 40 za kweli zitasaidia kuliko kilo 800 za uongo.

Najua jibu lao. Bila kanuni kali data inakuwa takataka: huyu ataandika dagaa, yule ndagala, na ndoo zenyewe hazilingani. Kweli kabisa, ugumu huo upo na hautoweki kwa kufumba macho. Swali ni nani aubebe. Mwenye mzani, kompyuta na mshahara anaweza kuja mwaloni mara moja kwa mwezi, apime ndoo ishirini, apate wastani, auweke kwenye seva. Akigundua kesho kwamba wastani si sahihi, anabadilisha namba moja na kumbukumbu zote za nyuma zinanyooka. Kilo ya kubuni hainyooshwi na yeyote, kwa sababu ndoo iliyoizaa haikuandikwa popote.

Na mfano wa kuiga tunao hapa hapa nyumbani. Namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, ni tarakimu 12 tu. Nyuma yake kuna mabenki, mitandao ya simu na saini za kidijitali, mambo mazito kwelikweli, lakini mlipaji hayaoni. Anaiandika kiganjani, anamsomea ndugu yake aliyeko Mpanda, naye analipa kwa kitochi kupitia nyota 150 nyota 00 reli. Waliobuni hivyo waliubeba mzigo wenyewe.

Wakubwa wa ughaibuni nao walishapita njia hii. SOAP, utaratibu wa kompyuta kutumiana ujumbe kwa XML, herufi ya kwanza ya jina lake ilisimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya rahisi. Lilipotoka toleo la 1.2 mwaka 2003, jina hilo halikuwa kifupisho cha chochote tena. (Nadhani aibu iliwashika.) Watengenezaji wengi wakahamia JSON ya Douglas Crockford, ambayo sarufi yake nzima inaenea nyuma ya kadi ya biashara.

Mfumo wa Ikola ningeuweka ndani ya SMS moja ya herufi 160, kutoka simu yoyote: 0209 M12 DAGAA 14 45000. Zimetumika herufi 23. Zinabaki 137 za mtunza kumbukumbu kuandika ambacho hakuna fomu iliyomuuliza, kwamba usiku upepo ulikuwa mkali na mitumbwi sita haikutoka.