UTHMAN HAKUWEPO BADRI: NENO KWA WENYE KUUGUZA NA MAJIRANI ZAO



Ndugu yangu, siku ya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) hakuwepo vitani. Alibaki Madina kumuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Pamoja na hayo, Mtume alimhesabia ujira na fungu la ngawira kama aliyepigana. Zingatia hapo: kuuguza kulihesabiwa pamoja na Badri, na aliyeuguza alikuwa mwanamume.

Leo nazungumzia ugonjwa wa kutetemeka, ambao madaktari wanauita Parkinson. Si jini, si kurogwa, wala hauambukizi. Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo inadhoofika kidogo kidogo. Mkono unatetemeka, mwili unakakamaa, sauti inafifia. Hata uso unakauka, watu wakadhani mzee amenuna. Muhammad Ali, bondia na Muislamu mwenzetu, aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984 na akafariki 2016. Ni miaka 32, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mkewe Lonnie ndiye aliyemtunza.

Tatizo letu liko hapo kwenye miaka. Msiba tunauweza kwa kuwa ni siku tatu. Mgonjwa wa miaka kumi tunamwachia mtu mmoja, mara nyingi mke, binti au mkwe. Yeye ndiye anayemgeuza usiku, anamlisha taratibu asipaliwe, anampeleka chooni, anampa dawa kwa saa yake. Na shamba la Mang'ola au Rhotia halimngoji. Sisi tunafika, tunasema pole, tunaomba dua, tunaondoka. Dua ni njema, lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi tufanye haya.

Kwanza, tupangiane zamu. Saa mbili kwa wiki zinatosha ili anayeuguza alale au aende sokoni. Mgonjwa mwanamume aogeshwe na wanaume. Na jirani asiye Muislamu naye ana haki ya ujirani, tusimruke.

Pili, wewe uliyeko Arusha au Dar: pesa ya kwenye simu inasaidia, ila haimgeuzi baba usiku. Njoo wiki moja, dada yako apumzike. Suratul Israa, aya ya 23, inayotukataza hata kuguna mbele ya wazazi waliozeeka, inawahusu watoto wote, si yule mmoja aliyebaki nyumbani.

Tatu, tuwapeleke hospitali. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, kati ya watu 161,071 walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Hapa Karatu, hospitali ya FAME imekuwa na kliniki za mishipa ya fahamu zenye madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Dawa haziponyi, lakini zinalegeza mwili, na zisikatishwe bila daktari. Changieni nauli ya wawili, mgonjwa na anayemuuguza.

Nne, wewe unayeuguza: ukikosa Ijumaa kwa kuwa mgonjwa hana mwingine, una udhuru. Ibn Umar (r.a.) aliiacha Ijumaa kwenda kwa Said bin Zayd alipokuwa mgonjwa. Mgonjwa wako na aswali kwa kukaa, akishindwa kwa kulala. Ramadhani, asikatize dawa zake za mchana kwa ajili ya swaumu. Mgonjwa ameruhusiwa kula. Na ukichoka usidhani imani yako ni ndogo. Sema umechoka, uliza nani atakupokea.

Misikiti yetu mingi ina utaratibu mzuri wa maziko: jeneza, sanda, wachimbaji. Wa kuwasaidia wanaouguza uko wapi? Tusingoje mtu afe ndipo tujae nyumbani kwake. Ijumaa hii, baada ya swala, kila mmoja ataje nyumba moja anayoijua yenye mgonjwa wa namna hii, kisha tugawane siku.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awape nguvu wanaowauguza. Aamin.

Mfikishie na mwenzako.