Ulanga Haupimwi kwa Mizani Peke Yake

Katika mazungumzo ya madini nchini Tanzania, ulanga, ambao mafundi wengi huuita mika, ni nadra kutajwa, na ukitajwa hutajwa mwishoni, baada ya dhahabu na tanzanite na makaa ya mawe kwisha kupewa heshima zao. Nami sisemi kwamba mpango huo ni wa dhuluma, kwani ulanga haumtajirishi mtu kwa usiku mmoja. Ninalodai ni jambo dogo zaidi: madhali milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inao, na madhali sheria imewawekea raia leseni ndogo za uchimbaji, ambazo kwazo vijana wataufikia leo au kesho, haifai tukaupokea sokoni kwa kilo kama tunavyopokea kokoto, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani yake haimo katika uzito.

Mwenye shaka na afungue pasi ya umeme ya zamani, ile nzito ya chuma, akiisha kuichomoa ukutani. Chini ya kifuniko ataona waya bapa uliozungushwa juu ya bamba jembamba lenye rangi ya chai nyepesi, na juu na chini ya bamba hilo yamelazwa mengine ya jinsi ileile. Waya ule ni wa nikeli na kromi, huiva mpaka ukawa mwekundu huku umeme ukipita ndani yake, na chuma kinachogusa nguo kimelala chini yake kwa umbali usiozidi unene wa ukucha. Kilicho baina ya mauti na sare ya shule ya mtoto ni ulanga tu. Fundi asiye na insafu, bamba hilo likivunjika, huweka kipande cha boksi mahali pake, akairudisha pasi kwa mwenyewe ikiwa inapata moto vizuri kabisa. Na kwa muda itapata.

Sababu ya boksi kutofaa ndiyo sababu ya ulanga kutafutwa. Karatasi, pamba na hariri, ambazo mafundi wa kwanza wa umeme walizitumia kufungia shaba, zote huzuia umeme zikiwa kavu, lakini zikipata moto huungua zikawa makaa, na makaa hupitisha umeme, hata kile kilichowekwa kuzuia hatari kikawa ndicho njia yake. Kauri huvumilia moto, ila haikubali kupasuliwa nyembamba. Ulanga umekusanya sifa zote mbili, kwa kuwa umeumbwa kwa tabaka za silika na alumini zilizo imara ndani yake, lakini zilizoshikamana moja na nyingine kwa kifungo dhaifu cha potasiamu. Kisu kikipenya ubavuni, tabaka huachana mithili ya kurasa za msahafu, na mkono wenye ujuzi huweza kuendelea kupasua hata ukafikia unene wa milimita 0.02. Ulanga mweupe, uitwao maskovaiti, huhimili joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Ule wa kahawia, flogopaiti, wenye magnesi ndani yake, hufikia 800 na kupita. Joto likizidi hapo, maji yaliyofungwa ndani ya jiwe tangu kuumbwa kwake hutoka, bamba likavimba na kuwa unga.

Katika mota na jenereta kazi yake ni kubwa kuliko katika pasi. Atazame msomaji fundi wa stata za magari akiwa kazini: ameshika kile kichwa cha shaba kilichogawanywa vipande vingi, ambapo kaboni husugua ili kupeleka umeme ndani, na kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa anakwangua mifereji midogo baina ya kipande na kipande. Anachokwangua ni ulanga. Shaba huliwa na kaboni upesi kuliko ulanga, na baada ya muda ulanga hubaki umesimama juu ya shaba, kaboni zikaruka-ruka juu yake na kutoa cheche. Hivyo fundi hulazimika kuushusha, bila kuung'oa, maana akiung'oa vipande vya shaba vitakutana na mota itaungua. Katika jenereta kubwa za mabwawa ya umeme, za namna ya Kidatu na Rufiji, fito za shaba hufungwa utepe wa ulanga uliogandishwa kwa gundi pamoja na nyuzi za kioo. Mle ndani, katika vishimo vya hewa visivyoonekana kwa macho, nguvu kubwa ya umeme hufyatua cheche ndogo ndogo mchana na usiku, na cheche hizo huila gundi polepole kwa miaka, ulanga haziuwezi. Wahandisi wamejaribu vihami, yaani vizuizi vya umeme, vingi vya kutengenezwa kiwandani, na bado katika mashine za jinsi hiyo wanarudi kwenye jiwe.

Milima ya Uluguru si ngeni katika habari hii. Wadachi waliuchimba ulanga wake kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza waliofuata wakaendelea kuusafirisha kutoka Tanganyika, huku soko la dunia likiwa mikononi mwa Bara Hindi, hususan nchi ya Bihar ya wakati huo, ambako miji ya Koderma na Giridih, ambayo leo imo katika jimbo la Jharkhand, iliishi kwa ulanga. Katika Vita vya Pili kila redio ya jeshi ilikuwa na vali zake za kioo, na ndani ya kila vali vipande vya ulanga vilivyoshika nyaya zisigusane. Ndipo Marekani na Uingereza zikaunda ujumbe wa pamoja uliokaa Calcutta kuununua, kwa hofu kwamba bila huo viwanda vya redio vingesimama. Baadaye transista ilizifukuza vali, na pamoja nazo ikaondoka haja ya mabamba mengi.

Sasa nirudi katika mizani. Jiwe la ulanga linapotoka shimoni ni kitalu kichafu, chenye ncha zilizovunjika na mawe mengine yaliyogandamana nacho. Kule Koderma na Giridih mpasuaji hukichukua akakata kingo zake kwa kisu chenye umbo la mundu, akitupa kila sehemu yenye ufa, kisha akalinyanyua bamba mbele ya mwanga kutazama kama lina madoa. Madoa meusi aghalabu ni chuma, na chuma ndani ya kihami ni taksiri isiyosameheka. Halafu bamba huwekwa katika daraja kwa ukubwa wa mstatili unaoweza kupatikana ndani yake: daraja la 6 huanzia inchi 1 ya mraba, daraja la 3 ni inchi 10 hadi 15, daraja la 1 ni 24 hadi 36, na juu yake yako mengine. Kilo moja ya mabamba makubwa safi na kilo moja ya vipande vya daraja la mwisho ni sawa juu ya mizani, ila bei zake haziwezi hata kutajwa pamoja. Fauka ya hayo, mchimbaji asiyejua hivi huupiga ulanga kwa sururu au baruti kama anavyopiga mwamba wa dhahabu, na kwa pigo moja hugeuza bamba la inchi 30 kuwa takataka, naye haoni kwamba amepoteza kitu, maana uzito haukupungua.

Matokeo ya biashara ya kilo tumekwisha kuyaona ng'ambo ya maji, huko Bukini, ambayo ramani za leo huiita Madagaska. Kusini mwa kisiwa hicho, katika nchi kame za Anosy na Androy, mna flogopaiti nyingi mno, na mnunuzi wake mkubwa ni Uchina. Mwaka 2019 mashirika ya Terre des Hommes na SOMO ya Uholanzi yalitoa taarifa iliyokadiria kwamba watoto wasiopungua 10,000, baadhi yao wenye umri wa miaka 5, walikuwa wakifanya kazi katika ulanga wa huko pamoja na wazazi wao. Wapo wanaosema kuwa watoto hao ni matokeo ya ukame na umaskini, na kwa hakika ukame upo. Lakini maadamu familia inalipwa kwa kilo, na kwa ujira mdogo kiasi kile, kila mkono unaoweza kuokota huongeza kilo, na mkono wa mtoto haubagui. Ingelipwa kwa daraja, mkono usiojua ungekuwa hasara, si faida. Sisemi kwamba madaraja peke yake humrudisha mtoto shuleni, maana Bihar na Jharkhand zilikuwa nayo, na watoto waliokuwa wakiokota mabaki katika mashimo yaliyofungwa hawakupata manufaa yake. Nasema kwamba pasipo madaraja hakuna hata pa kuanzia.

Mpinzani atanijibu, na jibu lake lina nguvu, kwamba zama za mabamba makubwa zimepita. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vilijua kuunganisha vipande kwa gundi ya lakiri, na baadaye Wafaransa wakavumbua namna ya kuuvunja ulanga ukawa kama uji na kuufanya karatasi, ambayo leo ndiyo inayofunga jenereta nyingi na nyaya zinazotakiwa kuendelea kufanya kazi wakati wa moto, na pia hukandamizwa kuwa mabamba yanayotenganisha seli za betri katika magari ya umeme. Hayo ni kweli. Lakini kiwanda cha karatasi hicho hakikubali kila uchafu. Hutaka kujua kama ni maskovaiti au flogopaiti, kama una chuma, kama una udongo, nacho hulipa kwa majibu hayo. Anayeuza asiyejua jina la anachokiuza atapangiwa bei na anayejua.

Tangu mwaka 2019 Tanzania imefungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, na kwa dhahabu yamemsaidia mchimbaji mdogo kwa sababu dhahabu ina kipimo cha usafi kinachojulikana na kila mtu. Ulanga hauna mpimaji huko. Arusha kuna kituo cha jemolojia kinachofundisha vijana kukata na kutambua vito, nami sioni kwa nini kisitenge chumba kimoja kwa ulanga, kwa kuwa vifaa vyake ni visu, meza nyeupe, taa, na fremu za kupimia ukubwa. Mwalimu ndiye atakayekuwa shida. Ujuzi huu hautoki vizuri katika vitabu, nao umerithishwa mkono kwa mkono katika familia za Koderma na Giridih, ambako machimbo mengi halali yamefungwa na wapasuaji hodari wamekosa kazi. Na mmoja wao, akipewa mkataba wa miaka miwili na mkalimani mzuri, angewafaa vijana wa Morogoro kuliko semina kumi za mjini.