Uza fleti mwenyewe kabla ya mnada

Mimi ni dalali wa nyumba, kijiwe changu kipo Mtaa wa Lumumba, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Wateja wanaonitia huruma siku hizi ni wale walionunua fleti kwa mkopo wa benki ili wapangishe, na sasa kodi haifikii rejesho la mwezi.

Siku walipopiga hesabu zilikubali. Halafu serikali ikahamia Dodoma, wapangaji wa maofisini wakapungua. Na tangu ghorofa lile liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, mnunuzi wa maeneo haya huanza kwa kushuka chini kukagua nguzo. Jiko atalitazama baadaye.

Wengi wakibanwa humkimbia ofisa mikopo. Kisha hufanya jambo ninaloliona baya kuliko deni lenyewe: wanachukua kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, wanaziba pengo la marejesho, wanapumua kidogo. Baadaye ndiyo wananijia: "Kaka, niuzie." Nimuuzie nani? Juzi nilimpandisha mnunuzi ghorofa ya nne, hela anayo. Mlango ukafunguliwa na mpangaji aliyeshika risiti ya miezi 12, na nyuma yake sebuleni marobota ya vitenge yamegusa dari, maana fleti imeshageuzwa stoo. Mnunuzi hakufika hata chumbani.

Njia ya halali ipo. Hati kuwa benki hakukuzuii kuuza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mkopaji haki ya kulipa deni lake na kuondoa rehani. Unaomba barua ya kiasi cha kufunga deni, pamoja na riba na tozo ya kulipa mapema kama mkataba unayo. Wewe, mnunuzi na benki mnaandikishana, fedha inaingia kwenye akaunti ya mkopo, rehani inafutwa kwa Msajili wa Hati, kinachobaki chako. TRA nao watataka asilimia 10 ya faida, kama umeipata. Na mwenzi wako asishtukizwe siku ya kusaini.

Bei isipotosha kufuta deni, nenda benki ukiwa na mnunuzi mkononi, uombe salio ulilipe kidogo kidogo. Wengine huhamishia mkopo benki yenye riba nafuu, wengine huomba muda urefushwe. Huo wa kurefusha siupendi: fleti huitaki, halafu unajiongezea miaka ya kuilipia!

Ukikaa kimya, utaletewa notisi ya siku 60, zikiisha deni lote linadaiwa kwa pamoja. Mnada nao hutangazwa siku 14 kabla. Ni kweli sheria inaitaka benki itafute bei nzuri, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, benki huhesabiwa imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Maneno matamu hayo. Ila kuyadai ni kesi, kesi inataka wakili, na wewe hata rejesho limekushinda. Wanaokuja minadani nawajua kwa sura. Wanakaa pembeni wakingoja bei ianguke.

Lawama nyingine naipeleka benki. Barua ya kufunga deni ni karatasi moja, lakini mteja anazungushwa wiki nzima, leo bosi hayupo, kesho mtandao umekata. Mnunuzi wa Kariakoo hangoji. Akikosa fleti leo, kesho hela hiyo imeshaagiza mzigo Guangzhou, na benki inabaki na mdaiwa yule yule.

Mabenki, toeni barua hiyo ndani ya siku mbili. Na wewe mwenye fleti, kaiombe mwezi huu, kabla hujaruka rejesho hata moja, na kodi ya mwaka usiipokee.