Vezel mpya Ukambani: kompyuta nzuri, lakini nani ataisoma?

Nimekuwa kimya kidogo, na safari hii sababu si kazi. Binamu yangu ameagiza Honda Vezel ya mwaka 2021 kutoka Japani, ile ya mseto wa petroli na umeme, akaniachia siku tatu niende nayo nyumbani. Mimi mwenyewe natafuta gari la kununua kwa akiba ya miaka minne, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumtoa mama kijijini karibu na Ikutha na kumfikisha kliniki Kitui mjini kila mwezi. Kwa hiyo sikuenda kutalii.

(Neno "mpya" Kenya lina maana yake. Gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, basi la miaka mitano tunaliita jipya na hakuna anayecheka.)

Nianze na sifa, maana zipo. Watu wengi Nairobi wakisikia Vezel ya mseto wanakumbuka ile ya kwanza iliyotoka mwishoni mwa 2013, yenye giaboksi ya klachi mbili. Mwaka 2014 Honda iliyaita magari hayo na ndugu yake Fit yarudi gereji zaidi ya mara moja huko Japani, na kosa kubwa lilikuwa kwenye programu ya kuendesha mitambo, mpaka rais wa kampuni akakatwa mshahara. Sisi tunaoandika programu tulipaswa kuisoma habari hiyo kwa unyenyekevu. Hii mpya imeachana na giaboksi hiyo kabisa. Injini ya lita 1.5 muda mwingi inazalisha umeme tu, na mota ya kilowati 96 ndiyo inayosukuma magurudumu. Ukifika mwendo wa barabara kuu, klachi moja inaunganisha injini na magurudumu moja kwa moja. Vipande vichache, makosa machache. Muundo wa namna hiyo mimi naupenda.

Nilichomeka kile kifaa kidogo cha blutuuthi chini ya usukani nikawa nasoma namba kwenye simu. Kutoka Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi, ile barabara ambayo zamani ilikuwa vumbi na laana na sasa ni lami, kuna sehemu tulikwenda kilomita 60 kwa saa huku injini ikisoma sifuri. Sifuri kabisa! Baba aliyekaa kiti cha mbele alidhani imezimika. Tukapita Makindu na Wote, tukapanda milima ya Mbooni kwa wakwe zangu watarajiwa, na gari lilipanda bila kulalamika. Kushuka ndiko kuna kituko: breki zinarudisha umeme kwenye betri, betri ikijaa injini inaanza kunguruma yenyewe ili kumaliza nguvu iliyozidi. Haijaharibika, ndivyo ilivyoandikwa. Kiti cha nyuma nacho kinakunjwa makalio juu, kwa sababu tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Kreti za maembe ziliingia wima.

Sasa tuseme ukweli. Nilifungua buti kutafuta tairi la akiba. Hakuna. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Miiba ya migunga ya Ikutha haijui gundi, na jiwe likichana ubavu wa tairi chupa hiyo ni mapambo. Chini ya sakafu hiyo hiyo kuna betri kubwa inayopozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na hewa yetu mnaijua, ni nyekundu.

Nyuma ya kioo cha mbele iko kamera ya kufunga breki yenyewe na kufuata mistari ya barabara. Kwenye lami mpya inafanya kazi vizuri sana. Kijijini hakuna mstari, na waliomuweka mtembea kwa miguu na baiskeli kwenye orodha yao hawakumwandika punda. Hilo si kosa, ni mahitaji ya mteja mwingine. Taabu ni kwamba lori likirusha kokoto na kioo kikapasuka, kukibadilisha hakutoshi, lazima kamera ipimwe upya kwa mashine.

Tena usidanganywe na kimo chake. Ya binamu yangu inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Tulipofika mto wa mchanga nyuma ya kwetu niliegesha nikatembea. Desemba 2021 mto Enziu, kule Mwingi, ulibeba basi la wanakwaya na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi ni refu kuliko SUV yoyote ndogo. Mtu akikuuzia Vezel kwa hoja kwamba inavuka mito, mwambie aanze yeye.

Lakini kilichonikaa moyoni ni swali la baba. Usiku wa pili taa ya manjano iliwaka na maneno ya Kijapani yakajaa kwenye dashibodi. Akaielekezea simu itafsiri (mzee wangu ni wa kisasa), ikatoka sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Asubuhi taa ilikuwa imezimika. Akaniuliza, "Mwanangu, ingewaka tukiwa na mama yako njiani, ungempigia nani?"

Sikuwa na jibu. Kifaa changu husoma kodi za kawaida za injini, lakini betri kubwa, mota na kamera vinahitaji mashine inayojua lugha ya kampuni. Nilizunguka kwa mafundi watatu Kitui mjini. Wawili wanaifungua Probox wakiwa wamefumba macho. Wa tatu, kijana, ana skana ya Kichina. Ilisoma injini, ikafika kwenye betri ikaandika kwamba hakuna mawasiliano.

Ningekuwa naishi na kuendesha Nairobi tu, ningeinunua kesho, niongeze tairi la akiba na nisiangalie nyuma. Kwa safari za mama, hapana, bado. Nimempa yule kijana namba yangu, na nimeanza kutafuta kwa nini skana yake inakwama. Nikipata kitu nitakiandika hapa, pamoja na kodi yake. Wakati huo huo kuna Probox moja Wote naenda kuiona Jumamosi.