UCHAMBUZI: Cheo chuoni humpa kijana jina kabla hajajijua

SIASA za wanafunzi wa vyuo vikuu nchini zimezoeleka kutazamwa kama ngazi ya kupandia hadi bungeni. Ni nadra kuulizwa cheo hicho humfanya kijana awe mtu wa aina gani.

Mwanafunzi huingia chuoni akijulikana kwa wazazi wake, kijiji chake na shule aliyosomea. Akichaguliwa kiongozi, hupata jina jipya mara moja. Wenzake humwita “mheshimiwa” na wanasiasa huanza kumtafuta. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliueleza ujana kuwa kipindi cha mtu kujitafuta. Kiongozi huyu hukabidhiwa jibu kabla hajalitafuta.

Zamani jina hilo lilikuwa na gharama kubwa. Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyeshika wadhifa huo 1987, naye alitupwa jela. Kwa vijana hao, uongozi ulikuwa msimamo ambao mtu aliulipia.

Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejea, bei ilibadilika. Hatari ya jela ilipungua, na fedha zikaanza kuamua nani anachaguliwa. Sheria ya Vyuo Vikuu ilirekebishwa mwaka 2016 ili viongozi wachaguliwe na wajumbe badala ya wanafunzi wote moja kwa moja, na mihula ikawekewa ukomo. Ukomo huo uliwazuia waliotaka kugeuza uanafunzi kuwa kazi ya kudumu. Hata hivyo, kumwachia mjumbe kura kuna somo lake: mwaniaji hujifunza kuelewana na wachache faraghani kuliko kuwashawishi wengi hadharani. Tabia hiyo haiachwi langoni siku ya mahafali.

Aghalabu manufaa makubwa hupatikana katika nyadhifa zisizovuma. Kiongozi wa darasa anayefuatilia alama za mtihani zilizopotea hulazimika kusoma kanuni, kuandika barua na kumkabili mkuu wa kitivo bila matusi wala woga. Mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa dini au wa kaunti hujifunza kueleza ilikokwenda kila shilingi. Msichana aliyezoea kukaa nyuma darasani hugundua kwamba wenzake humsikiliza. Hawa hawaandikwi magazetini, lakini hutoka chuoni wakijua wanachoweza na wasichoweza.

Tofauti hudhihirika muhula unapokwisha. Aliyejitambulisha kwa cheo hubaki mtupu, asijue atajiitaje asubuhi inayofuata, na huenda akakimbilia mwanasiasa yeyote atakayemrudishia heshima ile. Aliyejitambulisha kwa kazi huondoka nayo.

Kwa hivyo, wakuu wa vyuo hawana budi kuwadai viongozi wa wanafunzi hesabu za fedha zilizokaguliwa na ripoti za kazi, zisomwe mbele ya wanafunzi wote. Wanafunzi nao waulize mwaniaji amefanya nini, si amegawa nini. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Anayezoea kutowajibika akiwa na miaka 21 ndiye atakayekabidhiwa bajeti ya kaunti akiwa na 40.