Kwenye mahojiano ya kazi, patroni naye ajibu maswali

Vijana wa Kalemie waliosoma informatiki wanatafuta kazi katika kipindi kigumu. MONUSCO ilifunga shughuli zake katika jimbo la Tanganyika mwaka 2022. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ikakatwa, na mashirika ya kibinadamu yakapunguza watu. Kwa hiyo tangazo la kazi ya kompyuta likipita kwenye WhatsApp, liwe la kampuni ya hapa mjini au la mtu anayepiga simu kutoka Nairobi au Dubai, kijana anakwenda kwenye mahojiano kichwa chini, kama mtu aendaye kuomba msamaha. Anajibu kila kitu, haulizi chochote. Hapo ndipo anaponaswa.

Tuangalie yaliyotokea Nairobi. Mwaka 2019, kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alihama kwao kwenda kufanya kazi katika kampuni ya Sama, iliyokuwa ikichuja picha na maandishi ya Facebook. Anasema alitiwa saini ya kutunza siri kabla ya kuelezwa ni mambo gani atakayokuwa akitazama. Video ya kwanza anayoikumbuka ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Alifukuzwa mwaka huohuo baada ya kuongoza jaribio la mgomo. Mei 2022 alizishtaki Sama na Meta, yenye Facebook, mbele ya mahakama ya Kenya, akilalamika pamoja na mengine kwamba tangazo la kazi halikueleza kazi yenyewe. Kampuni hizo zinakana makosa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Sama haikuwa kampuni ya mfukoni. Ilikuwa na jengo, kompyuta na wateja wakubwa wa Marekani. Ndiyo sababu hatukubaliani na wanaosema, "Ukiona ofisi nzuri, usiogope." Cha kutazama ni namna patroni anavyojibu ukimwuliza: kila siku, kuanzia asubuhi, nitakuwa ninafanya nini hasa? Anayejibu kwa kuzunguka, au anayesema utaelewa ukishaanza, amekwisha kukuambia jambo.

Hapa kwetu udanganyifu mara nyingi una sura ndogo zaidi. Mwandishi wa mistari hii, akiwa ametoka tu chuoni na diploma yake mkononi, aliitwa kwenye mahojiano akaambiwa atengeneze ukurasa mzima wa intaneti kama testi. Alikesha siku tatu, akinunua mega kwa pesa ya kuazima. Hakuitwa tena. Baada ya wiki chache ukurasa ule ulikuwa hewani, na jina la mtu mwingine chini yake. Testi ya kweli ni ya saa moja au mbili, na haina faida kwa mtu mwingine. Ukiombwa kazi ambayo mteja angeilipia, hiyo ni kazi.

Ukiombwa pesa ya dosie, ya beji au ya mafunzo, simama uondoke. Wakitaka kubaki na diploma yako ya asili, wape fotokopi. Kuna pia yule anayesema, "Sisi hapa ni familia." Katika familia nani huuliza mshahara? Wewe uliza: ni dola au franka? Kama ni franka, kwa kiwango gani na tarehe ngapi? Umeme wa Bendera ukikatika, mafuta ya jenereta ni ya nani, na saa zilizopotea zinahesabiwaje? Na aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu, yuko wapi? Swali hilo la mwisho huwafanya wengine watazamane.

Sheria iko upande wa anayeuliza. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mkataba uandikwe. Pasipo maandishi, unahesabiwa kuwa mkataba usio na kikomo hadi ithibitishwe vinginevyo. Kipindi cha majaribio nacho kinapaswa kuandikwa, na hakipiti mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wengine. Kwa hiyo "anza kwanza, karatasi tutaona" si desturi ya kazi, ingawa tumeizoea. Uliza pia kama utaandikishwa CNSS. Uso wa patroni utajibu kabla ya mdomo.

Tunajua watakaosema: mwenye njaa hachagui. Ni kweli, na hatumcheki anayekubali kazi mbaya kwa sababu watoto wanalala njaa. Lakini kukubali huku unajua si sawa na kugundua mwezi wa tatu, mshahara haujaonekana na huna karatasi hata moja ya kumpelekea mkaguzi wa kazi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Tumewalea watoto wakiamini kwamba kumwuliza mkubwa ni kukosa adabu. Chuo Kikuu cha Kalemie kinaweza kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa mwisho namna ya kuuliza kwa heshima, na ONEM ibandike mlangoni kielelezo cha mkataba, kwa lugha ambayo kijana na mama yake wataisoma pamoja. Karatasi moja tu, na gundi.