MASHINE IKISEMA UONGO, ASILAUMIWE BAHARIA



Katika mikutano yetu ya matawi siku hizi kuna neno moja ambalo wakubwa wa kazi hulirudia kila tunapoleta lalamiko: "Mashine haidanganyi." Mimi si mtu wa elimu kubwa, shule niliachia msingi, lakini neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza baharini, na usiku ule nusura liniue. Kwa hiyo mnistahimilie nikieleza habari za chombo cha matanga, ingawa wengi wenu kazi yenu ni chai, mkonge au kiwanda cha nyuzi.

Mwaka 2003, kabla sijaingia kazi ya shamba, nilikuwa baharia wa mgeni mmoja aliyekuwa na mashua yake ya matanga Kilifi. Mashua ile ilikuwa na mashine ya kushika usukani, ambayo wenyewe huiita otopailoti. Msidhani ni kitu cha ajabu. Ni mota ndogo inayosukuma na kuvuta kana, pamoja na dira ya umeme inayoiambia mota chombo kimeelekea wapi. Basi. Haina macho, haijui mwamba wala pwani. Dira ikisema chombo kimepinda, mota hukirudisha. Dira ikisema uongo, mota huufuata ule uongo bila kuuliza. GPS nayo husikiliza setilaiti, ikakwambia ulipo na unakosogea, lakini omo ya chombo imeelekezwa wapi haijui. Ni vitu viwili mbalimbali, na watu wengi wenye mashua huvichanganya.

Tulikuwa tunatoka Unguja kurudi Kilifi, wakati wa kusi, wawili tu. Zamani kazi ile ingetaka watu watatu wa kupokezana kana, lakini mgeni alikuwa amempunguza mwenzangu mmoja siku aliyonunua mashine. Kama saa mbili usiku alimaliza kutengeneza pampu, akaweka sanduku la vyombo chini ya kitanda, akalala. Mimi nikabaki juu kwa zamu.

Haikupita saa moja, upepo uliokuwa ukinipiga bega la kulia ukawa unanipiga kisogoni. Tanga likaanza kupigapiga. Nilisema moyoni huenda upepo umehama, lakini mawimbi nayo yalikuwa yamehamia nyuma pamoja nao. Upepo na mawimbi vikihama pamoja kwa mara moja, ujue havikuhama vyenyewe. Chombo ndicho kilichogeuka. Na pwani ilikuwa kushoto kwetu.

Nikamwamsha. "Bwana, tumepinda." Akatazama namba kwenye kioo cha mashine, ikasema tunakwenda sawasawa na alivyoiamuru. "Mashine haidanganyi," akasema, akarudi kulala. GPS haikutusaidia, kwa sababu betri ilikuwa imechoka: kila mota ya usukani ilipovuta umeme, GPS ilizimika ikawaka upya, mpaka yeye mwenyewe akaizima kabisa. Nusu saa baadaye nikasikia bahari inavunja mwambani. Sikumwamsha tena. Nilichomoa mota kwenye kana, nikageuza chombo kwa mkono, naye akatoka ndani kwa kishindo akinitukana.

Asubuhi nililinganisha dira ya maji iliyo juu na namba ya mashine. Zilipishana zaidi ya digrii 30. Nikakumbuka sanduku. Dira ya umeme ilikuwa imefungwa humo humo chini ya kitanda, na sanduku lilijaa spana na nyundo, chuma kitupu. Nilipoliondoa, namba ilijirudi mbele ya macho yake. Aliona. Hata hivyo tulipofika Kilifi aliwaambia wenzake kwamba baharia alisinzia kwenye zamu, akanikata mshahara wa siku kumi.

Tangu siku ile ninajua utaratibu wa kutafuta ubovu wa mashine hizi, na sikuupata darasani. Kwanza unashika kana kwa mkono, maana chombo hakingoji ufikiri. Pili unauliza: ni kitu gani kimehamishwa tangu ilipokuwa nzima? Sanduku, kipaza sauti cha redio, hata mkebe wa maziwa. Halafu unatazama betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.7, nayo ikishuka chini ya 12 wakati mota inavuta, vyombo vingine huanza kuzimika vyenyewe. Halafu maungio ya waya, kwa kuwa maji ya chumvi huifanya shaba iote kutu ya kijani ndani, nje usione kitu. Wengi huanza kwa kununua mashine mpya.

Sasa msiseme haya ni mambo ya mashua ndogo na mgeni mbahili. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya abiria iitwayo Royal Majesty, yenye watu 1,509, ilipanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, ikitoka Bermuda kwenda Boston. Chini ya saa moja baada ya kung'oa nanga, waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka. Waya huo ulipitishwa wazi, mahali ambapo mtu angeweza kuupiga teke. GPS ikaacha kusikiliza setilaiti, ikaanza kukisia tu njia kwa mwendo na dira, na dalili yake ilikuwa herufi ndogo "DR" kwenye kioo na mlio wa sekunde moja. Mashine ya usukani ikafuata makisio hayo kwa karibu saa 34. Meli ikawa maili 17 nje ya njia, na maofisa zamu baada ya zamu wanaandika kwamba mambo ni shwari. Kifaa kingine cha kupimia mahali, cha mitambo ya nchi kavu, kilikuwapo hapo hapo na kilikuwa sahihi. Hakuna aliyevilinganisha.

Lakini linaloniuma mimi ni hili. Usiku ule walikuwapo mabaharia wa kawaida waliowekwa kutazama kwa macho. Waliona taa ya njano, wakasema. Waliona taa nyekundu za juu upande wa kushoto, wakasema. Mmoja akaona mbele maji ya buluu na meupe, akasema. Ofisa alisikia kila mara, akaitikia, akaendelea kuamini kioo. Saa nne na dakika 25 usiku meli ikakwama. Kwa bahati hakufa mtu.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilipotoa taarifa yake mwaka 1997 haikuishia kuwataja maofisa kwa kutegemea mno mashine. Iliitaja pia kampuni, kwa kutowafundisha maofisa mashine hizo ipasavyo, na ikautaja ubovu wa jinsi mitambo yenyewe ilivyoundwa na kuwekwa. Taarifa hiyo ni silaha yetu, ndugu zangu. Mwajiri akisema "kosa la mfanyakazi" na kufunga faili, tumuulize nani alipitisha waya pale, na nani alifundishwa maana ya zile herufi.

Mwaka jana katika shamba moja la chai akina mama walilalamika kwamba mizani ya umeme inawapunja. Kabla ya kutundika kikapu kioo kilikuwa kinaonyesha kistari mbele ya namba, yaani mizani inaanza chini ya sufuri, na kila kikapu kikaanza kwa deni. Wao walikiona kile kistari tangu siku ya kwanza. Karani akawajibu kwa neno lile lile la mgeni wangu. (Mashine za kuchuma chai ni shauri jingine, sitaki kulichanganya hapa.)

Kwa maoni yangu, mkataba wa pamoja utakaojadiliwa safari hii usikubali mashine mpya bila mambo haya kuandikwa: anayejua kazi kwa mkono asipunguzwe siku mashine inapoingia, mafunzo yawe ndani ya saa za kazi na kwa malipo, na mfanyakazi anayesimamisha mashine kwa sababu ameona hatari asikatwe hata senti. Wapo wenzetu katika kamati wanaosema tudai nyongeza kwanza, haya yangoje. Siwalaumu, unga umepanda bei. Lakini nyongeza itakayopitia kwenye mizani yenye kistari itaishia wapi?

Wajumbe wa matawi, kabla ya kikao, andikeni kwenye daftari: tarehe, saa, mashine gani, nani aliona, alimwambia nani, akajibiwa nini. Mimi mwaka 2003 sikuandika kitu, na zile siku kumi sijalipwa mpaka leo.